Nilipima Upande Mmoja wa Uso

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnaelekeza simu kwenye uso wa mgonjwa nayo inawapa namba kabla hajamaliza kukaa vizuri. Sisi tulikuwa na rula ya shule, uzi wa kushonea na kalamu ya bluu. Siwaambii ili mnionee huruma. Nataka mjue mapema kwamba kosa nitakalolisimulia halikutokana na uzi. Uzi ulikuwa sawa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na karibu limgharimu mama mmoja jicho lake.

Nimestaafu, lakini wasiwasi haujastaafu. Ukurasa huu nimeuandika mara nne. Wa kwanza niliuchana kwa sababu ya doa la chai. Ndivyo nilivyokuwa tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu: nikikosea herufi moja kwenye kadi ya mgonjwa, naandika kadi nyingine nzima. Na kadi ndizo zilizonileta. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho, nami niliajiriwa katika hospitali moja mjini Kisumu niandike kadi za wagonjwa wa mazoezi ya viungo. Hakuna chuo nilichosomea uso. Nilisomea mlangoni kwa Madam Perpetua, mkuu wa idara yetu, mwanamke mnene aliyetembea taratibu na kuona kila kitu.

Waliopooza uso walikuja kwake siku za Jumanne. Mtu analala mzima, anaamka upande mmoja umeanguka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Mdomo umevutwa upande mwingine, chai inamwagika, jicho halifumbi. Wengine hupona wenyewe baada ya wiki chache. Wengine hawaponi, na hao ndio tuliowapima mwezi baada ya mwezi tujue kama kuna kinachorudi.

Nakumbuka mara ya kwanza Madam aliponiita ndani nimshikie rula. Alimwambia mzee mmoja afumbe macho. Jicho la kushoto likafumba. La kulia likabaki wazi, lakini mboni ikapanda juu polepole, ikaingia chini ya ukope, pakabaki weupe mtupu. Rula ikaniponyoka.

"Usiogope," Madam akasema, bila hata kugeuka. "Jicho linajua hatari. Mlango ukikataa kufungwa, mwenye nyumba anakimbilia chumba cha ndani."

Sikulala vizuri juma zima. Ningewezaje, nikijua kwamba nyuma ya kila uso ninaoupita sokoni kuna mlinzi ambaye hakuna aliyemfundisha kazi? Nikanunua kitabu kikuukuu cha misuli ya mwili, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, nikajifungia nyumbani kwetu Kaloleni na kioo. Nilijifunza kuinua pua peke yake. Nilijifunza kuvuta pembe moja ya mdomo chini huku nyingine imetulia. Jirani alimwambia mama yangu, "Huyu msichana wako, ni vizuri mumwombee mapema." Mama alijibu kwamba ameshaomba, na jibu halijafika.

Kupima tulifanya hivi. Unaweka nukta ya kalamu pembeni mwa jicho, nyingine kwenye pembe ya mdomo, nyingine mbele ya sikio. Unanyoosha uzi kati ya nukta uso ukiwa umetulia, unaubana kwa kucha, unauweka kwenye rula. Kisha mgonjwa anatabasamu, unapima tena. Unafanya hivyo pande zote mbili, unalinganisha. Nukta unazifuta kwa spiriti kabla hajatoka. Niliwahi kusahau. Mama wa watu akaenda moja kwa moja kwenye maombi ya kanisani akiwa na nukta sita za bluu, na mchungaji akaziombea zote.

Shida yangu ilikuwa kwamba nilipima uso mmoja mara tatu nikapata vipimo vitatu. Nikaenda kulia chooni. Madam alinisubiri nje, akanipa kioo kidogo. "Jipime wewe mwenyewe. Asubuhi na jioni, wiki moja. Halafu uje tuzungumze."

Nilijipima. Uso wangu mzima, usio na ugonjwa wowote, ulibadilika kila siku. Asubuhi ulikuwa umelegea, jioni umebanwa. Tena pembe yangu ya kushoto ya mdomo ilikuwa chini kuliko ya kulia! Kwa mwezi mzima nilitembea nimeiinua kwa nguvu, watu wakidhani nawacheka. Lakini nilielewa alichotaka Madam. Ule uso ninaoupima haukai ukinisubiri. Unaishi wakati naupima. Tangu hapo nikawa nachukua vipimo vitatu na kuandika vyote vitatu, na tofauti ikiwa kubwa nangoja mgonjwa apumzike.

Jambo lingine, chunguzeni mnachomwomba mtu afanye. Karatasi yetu ya zamani ilisema mgonjwa apige mluzi, ili tuone midomo inavyokusanyika. Nilimwomba bibi mmoja kutoka upande wa Maseno, mwenye heshima zake na rozari mkononi.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Upige mluzi, Mama."

"Mimi naita ng'ombe gani humu ndani?"

Aliyeketi nyuma yake alicheka hadi akakohoa. Bibi alisimama akaondoka, na ilibidi Madam amfuate hadi langoni kumwomba msamaha. Mwanamke wa makamo kwetu hapigi mluzi mbele ya watu. Tangu siku hiyo tulisema, "Mama, puliza uji wa moto," na kila mtu alijua la kufanya. Midomo ni ileile, misuli ni ileile, na aibu haipo.

Basi ikaja ile fomu. Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Madam aliileta kutoka kwenye mkutano: maswali ishirini kuhusu maisha ya mgonjwa, siyo uso tu. Je, unaepuka kula mbele ya watu? Je, watu wanakuelewa unapozungumza? Je, jicho linakuzuia kufanya kazi zako? Kila ndiyo ilikuwa na alama. Alama nyingi, taabu nyingi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisisimka. Kumbe kuna mtu mahali fulani aliyewaza kwamba milimita za mdomo si maisha ya mwenye mdomo. Niliitafsiri mwenyewe, Kiswahili upande mmoja, Dholuo upande wa pili, nikaipiga chapa mara tano hadi mistari ikanyooka. Niliijua kama sala.

Mwaka huohuo tukapata habari kwamba daktari wa upasuaji kutoka Nairobi angekuja kwetu kwa siku mbili. Angewashona kope wale ambao jicho halifumbi, na wengine wachache angewavuta mdomo. Nafasi zilikuwa sita. Madam akasema orodha itatokana na vipimo: rula kwanza, kisha fomu. Kazi ya kuuliza maswali akanipa mimi. Nilijiona nimevishwa taji.

Mama Awino alikuwa mchuuzi wa samaki pale Dunga, ufuoni mwa ziwa. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala kwa mwaka mzima. Alikuja amefunga kitambaa cha kichwa hadi chini kwenye paji, na ncha ya leso ameishikilia mdomoni. Rula ilimweka katikati ya wagonjwa wote: jicho lake liliacha mwanya, lakini siku ile lilikuwa jeupe, halina wekundu. Kwa hiyo maswali ndiyo yangeamua kama anaingia kwenye sita au anangoja, na hakuna aliyejua angengoja hadi lini.

Chumba chetu kilikuwa na benchi moja lililoegemea ukuta na dirisha moja upande wa kulia. Nilipenda mwanga wa dirisha lile kwa kupimia, na kiti changu kilikuwa hapo tangu mwanzo, ubavuni mwa mgonjwa. Nilipomaliza kupima nikabaki palepale, fomu kwenye goti, nikaanza kusoma.

"Je, unaepuka kula mbele ya watu?"

Kimya. Nikamtazama. Uso ulikuwa umetulia kama ukuta. Nikangoja kidogo, kwa adabu. Nikaandika hapana.

"Je, jicho linakuzuia kufanya kazi zako?"

Kimya. Hapana.

Tulikwenda hivyo hadi swali la ishirini. Mara mbili tatu alitoa sauti, neno moja ndani ya leso, nami nikaliandika. Mengine yote hapana. Na nawaambia ukweli, nilimstaajabia. Nilitoka nikamwambia Madam, "Yule mama ana moyo. Uso umelala hivyo, na maisha yake hayajaguswa." Madam aliangalia fomu kwa muda mrefu. "Uliuliza vizuri?" Nikasema neno kwa neno, nami nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Akatia sahihi. Orodha ikapigwa chapa bila jina la Mama Awino.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku mbili kabla daktari hajafika, mama yangu alinituma Dunga nikalete samaki wabichi, ngege. Mitumbwi ilikuwa imeingia. Wachuuzi wanawake walikuwa wamejaa ukingoni, beseni kiunoni, kila mmoja akiita. Nikamwona Mama Awino mbele, kulekule kwenye maji, leso mdomoni. Mwenye mtumbwi aliitwa Ogutu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuchekesha watu. Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, upande wa kulia wa Mama Awino, na beseni la samaki limejaa.

"Mama Awino, unachukua?"

Kimya.

"Nauliza mara ya pili. Unachukua ama unanitazama tu?"

Kimya. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Lete huku!" Na beseni likapita juu ya kichwa cha Mama Awino likaenda.

Alitoa leso mdomoni. "Ogutu! Ni yangu hiyo!"

"Si ulinyamaza?"

"Nimekubali! Mara mbili nimekubali!"

"Ulikubali na nini, Mama? Na kisigino?"

"Na hii!" akasema, akijipiga kidole kwenye paji la uso, juu ya jicho la kushoto.

Ufuo mzima ukacheka. Mimi nilikaa kwenye mchanga uliolowa.

Mnajua wenyewe jinsi tunavyokubali huku kwetu. Hatusemi ndiyo kila mara. Tunainua nyusi, basi, mtu ameshaelewa. Mama Awino alikuwa ameinua nyusi kila nilipomuuliza. Maneno yalimtoa mate, kwa hiyo alijibu kwa uso, kama alivyojibu maisha yake yote. Lakini ni unyusi wa kushoto tu uliopanda. Wa kulia ulikuwa umekufa, na mimi, mjuzi wa uso, niliyejifungia na kioo miezi mingapi, nilikuwa nimekaa upande wa kulia. Mle chumbani sikuwa nimeona mama asiye na taabu. Nilikuwa nimeona nusu ya mama.

Nilimfuata alipokuwa anaosha beseni tupu. Alinitambua.

"Wewe msichana wa hospitali. Umekuja kunipima mpaka kwa maji?"

"Mama, nilikuuliza maswali vibaya. Naomba niulize tena."

"Si nilikujibu?"

"Ulinijibu. Mimi ndio sikuona."

Alinitazama. Jicho lake la kulia halikuwa jeupe tena. Lilikuwa jekundu pembeni, linatiririka machozi kwa upepo wa ziwa na moshi wa wanaokaanga. Nikapiga magoti mbele yake kabisa, uso kwa uso, nikayauliza maswali kutoka kichwani, bila karatasi. La kwanza, unyusi wa kushoto ukapanda. La pili, ukapanda. Nikamwomba aseme pia, nitangoja, mate si kitu. Akaanza kusema.

"Nyathina, samaki nimeacha kula. Mwiba ukiingia huku kwa shavu, ulimi haujui uko wapi. Mimi wa Dunga, nakula ugali na mboga kama mgeni." Nyathina ni mwanangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Kanisani kikombe cha meza ya Bwana kinanipita, kwa sababu nitamwaga. Usiku nafunga jicho na leso, lakini leso inatoka. Mjukuu wangu aliniona nimelala jicho wazi, akatoka mbio akisema dani, bibi yake, amekufa. Sasa analala kwa jirani."

"Na jicho, Mama? Linaona?"

"Tangu juzi ni kama kuna moshi. Hata mahali hakuna moshi."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na sijawahi tena kusikia kitu kikubwa namna ile kikitoka kwa mtu niliyekuwa nimemwandikia hapana kumi na saba. Alikuwa amevibeba vyote, akanijibu kwa uaminifu kimoja kimoja, akaenda nyumbani akijua amesikika.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Madam Perpetua nikamweleza, mchanga bado kwenye sketi. Nilitarajia anifukuze kazi. Yeye akasema, "Kiti kile nilikiweka mimi," akaingia ndani kutafuta viatu. Tulirudi Dunga pamoja kabla jua halijazama, akamfungia jicho kwa dawa ya kupaka na plasta, akamwambia asiguse moshi wala upepo hadi Jumatatu.

Jumatatu daktari alisoma orodha, akasikia habari yangu, akavua miwani. "Kwa hiyo hizi fomu zote uliuliza kutoka ubavuni?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi hatuna orodha. Tuna karatasi."

Akatupa hadi saa nne. Tuliwapanga tena wagonjwa waliokuwapo, safari hii nikakaa mbele, mwanga ukitoka popote unapotaka. Wale waliopooza kushoto majibu yao yalisimama vilevile, kwa kuwa upande wao mzima ndio uliokuwa kwangu. Wale wa kulia, wawili walibadilika kabisa, na mmoja wao tayari alikuwa ndani ya sita. Mama Awino alipotazamwa na taa ya daktari, kidonda kilikuwa kimeanza kwenye kioo cha jicho. Daktari akasema huyu anaingia wa kwanza.

Nafasi zilikuwa sita, kwa hiyo mtu alitakiwa kutoka. Alitoka mwalimu mmoja kijana aliyekuja kuvutwa mdomo, na Madam akanituma mimi nikamwambie, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilimweleza kila kitu. Sikumficha hata kiti.

"Nimeaga shule nzima," akasema. "Nimewaambia watoto nitarudi nikicheka. Na sasa unaniambia ulikaa vibaya?"

Nilisema ndiyo. Hakuniambia pole wala haidhuru. Alichukua mfuko wake akaenda, na hakuwahi kurudi kliniki yetu. Msidhani kosa likishasahihishwa hakuna anayelipia. Kwa huyo mwalimu bado sina la kujitetea.

Mama Awino alishonwa kope pembeni, mwanya ukapungua, jicho likapata pa kujificha. Kidonda kilipona. Kiliacha alama nyembamba nyeupe, nje kidogo ya mboni. Daktari alisema siku chache zaidi zingetosha kulipoteza.

Alirudi baada ya miezi kadhaa kwa kipimo kipya. Safari hii alizungumza bila leso, mate yakimtoka akiyafuta tu kwa kiganja. Mjukuu alikuwa amerudi kulala kwake. Mbele ya watu bado hakula samaki, lakini jikoni peke yake alikuwa ameanza, kwa uvumilivu, kipande kwa kipande. Ogutu alikuwa amejifunza kuzungusha mtumbwi hadi upande wa kushoto wa mama huyu.

Faili lake lilikuwa wazi mezani. Akaona ile fomu ya kwanza, niliyoipiga chapa mara tano, imenyooka, safi, haina hata kosa moja la herufi. Akanyoosha mkono akaichukua. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata kila hapana, midomo ikisogea upande mmoja. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Alipofika mwisho akaiweka chini taratibu, akanitazama.

"Huyu mama anaishi vizuri sana," akasema. "Siku moja unipeleke kwake nikamsalimie."